Gari la Mikate

Nyuma ya stakabadhi ya korosho,
pale chama kilipoandika kilo na kuacha nafasi,
Namangaya amechora barabara.
Newala: nukta.
Mstari unashuka kona kwa kona hadi Masasi,
unapita Mangaka, unalala Tunduru,
unakunywa chai Songea,
unapanda Umatengo ambako, anasema,
asubuhi mtu hutoa moshi mdomoni kama mvuta sigara,
kisha unadondoka Mbamba Bay,
na hapo kalamu ilizunguka, ikazunguka,
hadi karatasi ikatoboka.
"Ziwa," akasema, akinionyesha tundu.

Gari tumelinunua kwa mwoka mikate aliyefilisika.
Ubavuni bado pameandikwa LAINI NA MOTO.
Fundi Mkanjauka, alipong'oa rafu za chuma
apigilie chaga za kitanda,
alikuta slesi moja, ngumu kama kigae,
akaitundika kwenye kioo cha mbele. Hirizi, alisema.
Harufu ya hamira haitoki.
Tumeosha kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu;
Twaha akilala humo huota maandazi.

Dizeli: nusu ya malipo ya pili,
ambayo chama kimesema Ijumaa,
bila kusema Ijumaa ya mwezi gani.
Tairi: tatu zipo. Ya nne ina hadithi.
Siku: kumi na tano, isizidi hata moja,
kati ya salfa ya pili na salfa ya tatu,
maana ubwiriunga haujui likizo.

Chini yake nikaongeza kwa mkono wangu:
madumu ya maji, sita.

Akasoma. Akavua miwani.
"Mama Twaha, unabeba maji kuyapeleka ziwani?"
Akacheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka.
Lakini sikufuta.

Yeye kwao Lukuledi, kazaliwa na mto mlangoni.
Mimi ni wa juu huku, kwenye mchanga mwekundu
unaoimeza mvua bila hata kuitafuna.
Nikiwa na miaka saba nilishuka bondeni na mama, usiku,
tukapanda na ndoo, jua likitusukuma mgongoni,
na kila tone lililonichuruzika sikioni lilikuwa na mwenyewe:
hili la uji,
hili la bibi kunawa uso.
Tulioga kwa kikombe. Kikombe kimoja, kwa hesabu.
Siku hizi bomba lipo, hukohoa mara mbili kwa wiki.
Mtu hatupi madumu kwa sababu ya kikohozi.

Usiku namuuliza: hilo ziwa,
mtu akichota, nani anaandika?
Aliliona mara moja, enzi za utingo wa lori la simenti,
dakika ishirini tu, dereva akipiga honi.
Anasema milima imelizunguka kama watu kwenye ngoma,
maji meupe hadi unamwona samaki akibadili mawazo.
Unaingia tu, anasema. Hata na nguo zako.

Sijui kuogelea.
Nimepanga kukaa ukingoni, miguu ndani,
nisihesabu chochote.

Jana tulijaribu kulala humo, uani.
Godoro limepanda ukuta upande mmoja,
baridi ya mwezi wa sita inapenya penye mpira wa dirisha,
goti la Twaha liko kwenye mbavu zangu.
Namangaya kawasha taa ya ndani, stakabadhi mkononi:
"Sasa tumeingia Tunduru. Msifungue mlango, kuna tembo."
Hakuna aliyefungua, hata aliyebanwa na mkojo.

Alfajiri Bi Somoe alikuja kuomba kiberiti,
akatukuta tukishuka mmoja mmoja, nywele timtim,
gari liko palepale, juu ya matofali upande wa kushoto.
"Kumbe mmerudi?" akauliza. "Huko kukoje?"

Nami, sijui nini kilinipata,
nikamjibu:
"Kuna maji."